Uji Nilioukataa

Ikiwa umewahi kutumiwa kwenye simu sauti ya mzee wa Kiunguja akizungumzia adabu za kula, akisema kwamba siku hizi yeye hushiba kwa matonge matatu na anamshukuru Mola kwa kumpunguzia tamaa, basi mzee huyo ni mimi. Sauti ile ilirekodiwa Guangzhou, China, Ijumaa moja baada ya sala, na waliosambaza walikuwa na nia njema. Nimejaribu kuifuta nimeshindwa. Mpaka leo naletewa na watu wasiojua kuwa ni yangu. Kwa hiyo naandika haya ili yasomwe pamoja nayo. Nilichosema mle kuhusu kula kwa kiasi ni kweli. Nilichosema kuhusu mimi mwenyewe hakikuwa kweli, ingawa wakati ule sikujua.

Namhimidi Mwenyezi Mungu aliyenibakishia pumzi ya kuandika. Nawaandikia hasa wale walioambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba mfuko wa tumbo utatolewa wote. Mambo ya kitabibu waulizeni madaktari. Mimi nitaeleza ya kwenye viti vya kusubiria, na ya nyumbani, na kosa moja ambalo sitaki mwengine alifanye.

Mimi na mke wangu, Bi Zuhura, tuna miaka kumi na moja katika mji huu. Kazi yangu ni kununua na kukagua nguo kwa niaba ya wenye maduka wa Unguja na Dar es Salaam. Nakwenda Guangyuan Xilu, nakwenda Shisanhang, masoko ya nguo ya hapa, natazama mishono, nahesabu vifungo, nafungisha marobota, mzigo unaondoka. Jumapili jioni nasomesha Qur'ani na fiqhi kidogo, ndiyo maana wenzetu wananiita Maalim. Ijumaa baada ya sala watu wetu huja nyumbani kwetu kula. Bi Zuhura hutandika masinia mawili ya wali, na kwenye sinia la wazee mimi ndiye mkubwa.

Kwetu mkubwa wa sinia ndiye anayeanza. Akiondoa mkono, waliobaki huona haya kuendelea. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoonekana mara ya kwanza, na hakuna aliyeutambua. Nilikuwa nikimeza tonge la kwanza, la pili, la tatu, kisha nahisi kama mtu ameniwekea kiganja chini ya kifua akasema basi. Naondoa mkono. Na wenzangu nao, mmoja mmoja, wanaondoa mikono yao huku wanalitazama sinia lililojaa.

"Maalim," alisema Kassim siku moja, "ukiendelea hivi utatumaliza kwa njaa. Rudisha mkono, ufanye kama unatafuta nyama."

Kassim ni mtu wa Temeke, mnunuzi wa mizigo kama mimi, ana umri wa kuwa mdogo wangu na ulimi wa kuwa shemeji yangu. Watu walicheka. Nikarudisha mkono, nikawa naupitishapitisha ukingoni mwa sinia ili wenzangu wale. Mmoja wao akasema hiyo ndiyo zuhudi, kuipa dunia mgongo, kwamba nimefika daraja ambayo wengine wanaisoma vitabuni tu. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nimesomesha kwa miaka mingi yale mafundisho ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, na sikuwahi kuyaweza. Sasa nilikuwa nayaweza bila kujitahidi. Ijumaa ile nikatoa mawaidha juu ya jambo hilo, na mtu akawasha simu akanirekodi.

Ndivyo nilivyopoteza miezi mitano.

Bi Zuhura ndiye aliyekuwa wa kwanza kuudhika. Mwanamke aliyekupikia miaka thelathini na minane anajua unapoacha chakula.

"Baba Abdalla, kwani chumvi imezidi?"

"Haikuzidi."

"Basi unakula wapi?"

"Nile wapi mimi, mke wangu? Nimeshiba tu."

"Umeshiba nini? Mie niliyeosha sahani ndiye ninayejua ulichokula." Akaondoka na sahani. Kwa wiki nzima alikuwa akinipakulia kidogo, kwa hasira, ili nione. Nami nilikuwa nikikiona kile kidogo kuwa kingi.

Mkanda niliutoboa tundu jipya, kisha la pili. Kinyesi kikawa cheusi kama lami. Nilijiambia ni vidonda vya tumbo, nikanywa asali na habasoda asubuhi. Mwenye duka mmoja wa Guangyuan, mama wa Kichina ambaye nimenunua kwake magauni ya watoto tangu nilipofika, alinishika mkono akauzungusha kwa vidole viwili, vikakutana. Akaacha kunipigia hesabu kwenye kikokotoo chake. Akanivutia kiti. Siku hiyo hiyo nilipanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu kukagua mzigo, nikaishia ya pili, nimekaa juu ya robota la mtu, wapagazi wananipita kushoto na kulia.

Kassim alinipeleka hospitali. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, na Kichina chake ni cha sokoni tu. Walinilaza ubavu, wakanipitishia mpira wenye kamera kooni. Wakachukua vipande vya nyama ya tumbo vikapimwe. Siku tisa tukasubiri. Kisha tukaitwa kwa daktari mpasuaji, mwanamke mtulivu mwenye mikono midogo. Alizungumza kirefu. Kassim alisikiliza ameshika shavu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Ni saratani, Maalim. Anasema tumbo lote."

"Lote vipi?"

"Ngoja." Akamgeukia daktari, akaanza kusema kwa kasi, na mimi nikayatambua maneno, kwa kuwa nayasikia kila siku madukani. Alikuwa anamwomba apunguze. Sisi si wageni, sisi ni watu wa siku nyingi, punguza kidogo. Akainua vidole kuonyesha robo. Alikuwa anamwomba aniachie robo ya tumbo langu.

Daktari hakukasirika. Alimtazama, akatikisa kichwa, akasema *mei you*, neno lile lile ambalo wenye maduka hutwambia wasipokuwa na saizi.

"Hakuna," Kassim akanitafsiria, kama kwamba silijui. Kisha mtu yule mwenye mzaha wa kila siku akafunika uso kwa mikono miwili akalia, ikawa mimi ndiye ninayembembeleza.

Mwanangu Abdalla aliposikia, alipiga simu kutoka Dar. Alitaka nirudi nyumbani kwanza, watoto wanione. Mama yake akamwambia baba yako hawezi kupanda ngazi, ataweza kupanda ndege? Wakagombana. Abdalla akasema, "Kwa hiyo mmeamua afie huko." Bi Zuhura akakata simu, akaenda jikoni akafungua bomba la maji likamwagika bure, asisikike.

Nilipasuliwa mwishoni mwa Oktoba, joto la mji huu lilipoanza kulegea.

Sitawaficha. Siku za mwanzo ni nzito. Siku ya sita nilipewa maji, kijiko kimoja, na muuguzi akasimama pale kunitazama kama mtu anayetazama mtoto akijaribu hatua ya kwanza. Chakula chochote, nikaambiwa, sasa kinashuka moja kwa moja kwenye utumbo. Kile kiungo kilichokuwa kikikipokea, kikikisubirisha, kikikikoroga na kukilainisha, hakipo. Kazi yake itafanywa na meno, na subira. Kila tonge mara thelathini kabla ya kumeza. Mara sita au nane kwa siku, kila baada ya saa mbili, kiasi cha kiganja. Ukila kwa haraka, au ukila kitamu, chakula kinaporomoka: jasho linakutoka, moyo unakimbia, unatafuta ukuta wa kushika.

Lakini jambo lililonihuzunisha zaidi hakuna aliyenitahadharisha nalo. Njaa iliondoka. Sikuhisi tena ile sauti ya tumbo ninayoijua tangu utotoni. Saa sita mchana, saa kumi, magharibi, zote ni sawa. Nilikuwa nakula kwa saa ya ukutani, kama mtu anayemeza dawa. Nimefunga Ramadhani tangu nina miaka saba, na sikumbuki kuacha hata siku moja isipokuwa kwa safari, nikailipa. Njaa ile ndiyo niliyokuwa nikimpelekea Mola wangu kila mwaka. Sasa hata hiyo sina.

Desemba dozi za dawa ya saratani zikaanza, moja kila wiki tatu, dripu mkononi kisha vidonge vya nyumbani. Dawa ile hufanya baridi iume. Ukigusa maji ya bomba, ni kama umeshika sindano. Nikawa naogopa udhu. Bi Zuhura aliniona nikisita bombani. Asubuhi ya pili nilikuta birika la maji vuguvugu mlangoni mwa choo, limefunikwa taulo, na tangu siku hiyo mara tano kwa siku lilikuwa pale. Kama mnatafuta rehema katika ugonjwa, msitazame mbali. Mimi yangu ilikuwa ndani ya birika.

Kwenye ukumbi wa dripu nilimkuta Bwana Luo. Mtu mrefu, amekonda, kofia ya sufu, miaka sabini au zaidi. Kassim akamdadisi kama kawaida yake. Alikuwa fundi cherehani, ameshona nguo Shisanhang miaka arobaini, na tumbo lake lilitolewa wiki sita kabla ya langu. Aliposikia kuwa na langu limetolewa, aliinua shati akanionyesha kovu. Nikainua kanzu nikamwonyesha langu. Akalisogelea, akalitazama kwa jicho la fundi, akasema kitu.

"Anasema mshono wako mzuri kuliko wake," Kassim akasema. "Anasema yeye wamemshona wanafunzi."

Bwana Luo alikuwa na themosi pana ya uji wa mchele. Saa nne kamili aliifungua, akamimina kwenye kifuniko, akaninyooshea. Niliusogeza mkono nyuma. Nikamwambia Kassim amuulize kwa adabu kama kuna nyama humo, au mafuta. Kassim hana adabu ya namna hiyo. Aliuliza moja kwa moja kama kuna nguruwe. Bwana Luo akacheka mpaka akakohoa. Ni mchele na maji, alisema. Lakini alifikiri, akaitazama themosi yake, akaifunga bila kunilazimisha.

Dozi ya pili, alikuja na themosi mpya. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imegandishwa ubavuni. Kijiko kipya, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Akanionyesha kwanza karatasi, kisha mfuko, kisha akaupasua mfuko mbele ya macho yangu. Mkewe, mama mfupi aliyekaa pembeni yake, akamweleza Kassim kwamba wamenunua na sufuria mpya nyumbani, na uji wa mgeni unapikwa humo peke yake.

Nilikula. Nakumbuka vuguvugu lake kooni.

Tukawa wenza wa saa nne. Yeye alihesabu kutafuna kwa kupiga kidole gotini. Mimi nilihesabu kwa tasbihi, punje thelathini na tatu, na kwa kila punje nilisema *subhanallah* moyoni, ili kinywa kisifanye kazi peke yake. Uji wa mchele hauna cha kutafuna, lakini Bwana Luo aliutafuna, na hakuanza mpaka mimi nianze. Alikuwa akinisubiri, ananitazama, naweka kijiko kinywani, ndipo anaweka chake. Nilimwambia Kassim, huyu mtu ana adabu za sinia na hajawahi kuliona.

Dozi ya tatu ikapita. Dozi ya nne ikaja karibu na Mwaka Mpya wao, mji umefungwa, Guangyuan kimya, maduka yote yameshusha milango. Bwana Luo alinipa mfuko wa machungwa madogo. Uso wake ulikuwa umekuwa wa manjano. Kassim aliuliza habari zake, akajibiwa kwa kupunga mkono.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani.

Daktari alikuwa ameshasema, na Kassim alinitafsiria vizuri safari hii: kula kila saa mbili, bila kukosa. Bi Zuhura akaniuliza usiku wa kwanza tunapoweka nia.

"Wewe hufungi, baba Abdalla. Si ndivyo?"

"Najua hukumu yake. Nimeisomesha."

"Najua umeisomesha. Nimekuuliza hufungi?"

"Sifungi," nikasema.

Nilimdanganya. Nilikuwa nimeshajishauri peke yangu. Mgonjwa asiye na matumaini ya kupona ameondolewa saumu, analisha maskini kibaba kwa kila siku, na mimi nimewaambia hayo wagonjwa wangapi, tena kwa ukali, kwamba kukataa ruhusa ya Mungu ni utovu wa adabu. Lakini nilijiambia: mtu asiyehisi njaa ashindwe vipi kufunga? Itaniumiza nini? Na ndani zaidi, mahali ambapo sikutaka kupatazama, kulikuwa na yule mzee wa matonge matatu ambaye watu walimsifu. Hakutaka kuonekana anakula mchana.

Kila asubuhi Bi Zuhura alinifungashia vibweta vyangu: ndizi iliyopondwa, yai, kipande cha mkate, samaki. Yeye mwenyewe amefunga. Nilivibeba mpaka ghala tunamowekea mizigo, nikampa mlinzi. Jioni narudi na vibweta vitupu, Bi Zuhura ananishukuru. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilihisi mwepesi. Nilidhani ni furaha ya ibada.

Siku ya tano ilikuwa dozi ya tano.

Bwana Luo alikuwa ameshakaa. Alikuwa amekonda zaidi, na koti lilimkaa kama limetundikwa msumarini. Saa nne alifungua themosi, akamimina kwenye kifuniko, akaninyooshea.

Niliweka kiganja juu ya kifuniko.

Hakuelewa. Akagongagonga ukingo wa kifuniko kwa kijiko, akakisogeza tena. Kassim hakuwa karibu, alikwenda dirishani kushughulikia karatasi zangu. Nilitikisa kichwa. Ningeweza kuonyesha mbingu, ningeweza kumngojea Kassim, ningeweza kukipokea tu na kukishika mkononi. Lakini nilikuwa katika saumu yangu, nimejaa nayo. Nikageuza uso upande wa pili, nikavuta tasbihi.

Nilisikia kifuniko kikifungwa, polepole, mara mbili kikikosa njia. Yeye naye hakula. Hakuwahi kuanza kabla yangu.

Nilipoitwa kupimwa damu nilisimama, nikaona taa zinakwenda mbali. Nilipozinduka nilikuwa kitandani, dripu ya sukari mkononi, na Kassim anazozana na wauguzi. Daktari akaja. Hakupaza sauti. Alisema dozi haitatolewa leo wala wiki ijayo, damu yangu hairuhusu. Tulipotoka, kiti cha Bwana Luo kilikuwa kitupu.

Kassim hakuweza kuficha kitu mbele ya Bi Zuhura. Alipomaliza kueleza aliaga haraka akaondoka. Mke wangu alivipanga vibweta vile vitupu mezani, kimoja kimoja.

"Nani alikuwa anakula hivi?"

"Mlinzi wa ghala."

"Mie naamka saa tisa nakupondea ndizi, nimefunga, nanusa chakula sikionji, na wewe unampa mlinzi." Alikaa. "Unamfungia nani, baba Abdalla?"

"Namfungia Mungu."

"Mungu amekwambia kula. Kwa kinywa chako wewe mwenyewe amenambia mie, nilipokuwa na mimba ya Abdalla, nalia kwa kuwa siwezi kufunga. Ulinisomea aya, ukanikalisha, ukanilisha kwa mkono wako. Au aya ile ilikuwa ya wanawake tu?"

Alikwenda jikoni, akarudi na yai lililopondwa, akakaa mbele yangu. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, siku ya tano ya Ramadhani. Kuta zilikuwa zikitoka jasho, kama zinavyofanya mji huu majira hayo, na dirishani miti ya misufi ilikuwa imetoa maua mekundu bila jani hata moja. Nilipokea kijiko. Nilikuwa sijala mchana wa Ramadhani nyumbani kwangu tangu nilipokuwa mtoto wa miaka sita. Nilitafuna na machozi yanaingia kinywani, naye ananitazama, midomo imemkauka kwa saumu, anahesabu kwa sauti ndogo mpaka thelathini na tatu.

Tangu siku hiyo, kila adhuhuri, nilipima kibaba kimoja cha mchele kwa mkono wangu, na Bi Zuhura akaupeleka kwa familia moja ya Kikongo iliyokwama ghorofa ya chini. Kibaba kimoja kilikuwa kingi kuliko nilichoweza kula mimi kwa siku mbili.

Dozi ya tano nilipewa baada ya wiki mbili. Nilijiandaa. Nilimwambia Kassim maneno ya kumwambia Bwana Luo, nikamfanya ayarudie mara tatu, kwamba nilikuwa katika mwezi wa ibada, na kosa ni langu, na leo nitakula. Bwana Luo hakuwepo. Niliambiwa huenda tarehe zimepishana, maana zangu zilisogezwa. Saa nne nilikula yai langu peke yangu.

Ikaja Idi. Ikaja dozi ya sita. Tulipoingia ukumbini, mkewe Bwana Luo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mumewe. Alikuwa na mfuko wa kitambaa mapajani. Alisimama aliponiona. Kassim akamsikiliza, na safari hii hakunitafsiria kwa haraka. Aliuliza tena, akajibiwa, akaniangalia.

"Sema," nikamwambia.

"Amefariki, Maalim. Wiki mbili kabla ya Idi. Mama anasema amekuja hapa mara mbili kukutafuta, hakukukuta."

"Na nini tena?"

"Hapana, ndiyo hayo tu."

"Kassim. Amesema zaidi ya hayo. Nimesikia."

Akavuta pumzi. "Anasema siku ile ulipokataa uji, mzee alirudi nyumbani hana raha. Alikuwa anamuuliza mkewe, ulitumia sufuria gani? Kijiko ulikiosha na nini? Alidhani wamekosea, kwamba kuna kitu kichafu kwa dini yako kimegusa. Akaisugua ile themosi mwenyewe. Halafu akasema haitoshi. Akamtuma akanunue nyingine."

Mama yule alifungua mfuko. Themosi mpya, pana, ya bluu. Karatasi ya dukani ubavuni. Kijiko ndani ya plastiki, hakijafunguliwa. Akaniwekea mikononi kwa mikono miwili.

Nilimwambia Kassim amwambie kila kitu. Sijui aliyasema vipi kwa Kichina cha sokoni, saumu, kiburi, uongo niliomwambia mke wangu. Mama alisikiliza. Mwishoni aliuliza swali moja tu.

"Anauliza," Kassim akasema, "kwa hiyo haukuwa uchafu?"

"Mwambie haukuwa uchafu. Mwambie sijala chakula kisafi kuliko kile."

Akaambiwa. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akajifuta macho kwa kiganja, akatuaga. Hatukuonana tena.

Sasa ni karibu mwaka na nusu tangu nipasuliwe. Kila miezi mitatu napimwa, na kila miezi mitatu siku za kusubiri majibu ni ndefu, hazijafupika kwa kuzoeleka. Nachomwa sindano ya vitamini ambayo nitachomwa maisha yangu yote. Abdalla alikuja kutuona. Alikaa siku mbili hanisemeshi vizuri, ya tatu akanipondea ndizi. Ijumaa bado watu wanakuja, na mimi bado nakaa kwenye sinia la wazee, lakini nimewaambia waziwazi: mkono wangu ukitoka ni ugonjwa umeutoa, si zuhudi, endeleeni kula. Kassim huendelea bila kuambiwa mara mbili.

Ndugu yangu unayesoma, ukijiona unashiba kwa matonge matatu na hukuwa hivyo, usishukuru kwanza. Nenda ukapimwe, kisha ushukuru. Na ukishaambiwa ule, kula. Mola anayepokea njaa ya wazima anapokea pia kijiko cha mgonjwa, na pengine kijiko ndicho kizito zaidi. Nilikuwa nayajua haya. Niliyajua kwa aya na kwa tafsiri zake. Mtu mmoja aliyekuwa anakufa alininyooshea uji wake, na elimu yangu yote haikunisaidia kuupokea.

Ramadhani iliyofuata ilinikuta hai. Adhuhuri napima kibaba cha mchele, nakiweka mlangoni. Kisha Bi Zuhura, naye amefunga, hunifungulia ile themosi ya bluu. Karatasi ya dukani bado imeshika ubavuni, anaiosha kwa kuizunguka isitoke. Ndani ni mchele na maji. Nangoja kidogo kabla ya kijiko cha kwanza, kama mtu anayengoja mwenzake aanze. Kisha natafuna mara thelathini na tatu, ingawa hakuna cha kutafuna, mpaka kijiko kinagusa chini.